Mahali Lugarda Alipoandika Hakuna Kitu

Lugarda Tenorio alikuwa na miaka hamsini na minne, magoti mabovu na jina zuri, siku Kimberly Staudt alipomletea habari kwamba ramani yake imewaokolea watu wa umeme nusu mwaka wa kazi. Kimberly alikuwa mwanafunzi wake zamani, sasa ameajiriwa na ofisi ya serikali inayosimamia ardhi, na aliingia uso ukimng'aa kama mtu aliyetumwa kupeleka posa. Akasukuma pembeni bakuli la mchuzi wa pilipili, akatandaza karatasi juu ya meza ya jikoni, akaweka kidole upande wa kaskazini wa mlima wa Golondrina. Minara itapita hapa, alisema. Kwingine kote mlimani pana vijiji vya kale na sheria inakataza kuvigusa. Hapa tu ndipo peupe, na si kwa kubahatisha: Bi Tenorio mwenyewe alipita kwa miguu kiangazi cha mwaka 1979, akaandika kwa mkono wake kwamba hakuna kitu. Ijumaa ni mkutano wa mwisho wa kusikiliza maoni. Jumatatu mashine za kutoboa mashimo zinapanda.

Lugarda alikitazama kile kidole. Ukucha wake ulikuwa na rangi ya waridi, nao ulikaa sawasawa juu ya mahali alipodanganya.

Alimkatia mgeni mkate wa tanuri, akamfungia na mwingine wa kwenda nao, akamsindikiza hadi garini. Kisha akarudi kukaa mbele ya bakuli lake mpaka mafuta ya mchuzi yakaganda juu.

Ukitaka kujua ilikuwaje mwanamke mkweli kiasi kile akaandika uongo, anzia jikoni kwa shangazi yake. Shangazi Cipriana, dada wa baba yake, alikuwa mpishi katika kambi ya wachimba mambo ya kale kutoka chuo kikuu, chini ya mlima ule ule. Lugarda alipofikisha miaka kumi na sita akamfuata kuosha sahani. Wiki haikuisha akahamishwa kutoka kuosha sahani kwenda kuosha vigae, maana Profesa Alden Brekke alimwona akivipanga bila kuambiwa: vya mtungi wa maji huku, vya chungu cha kupikia kule, na peke yake vile ambavyo mchoro wa ukingoni umeachiwa mwanya mdogo, kama bibi yake alivyokuwa akiuacha. Profesa akamuuliza amejifunzia wapi. Lugarda alishangaa swali lenyewe.

"Si vyombo?" alisema.

Brekke alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na neno moja lililowakera watu wa Santa Rosalía, kijiji cha akina Lugarda, wenyeji wa asili wa nchi ile. Kuta zozote zilizoanguka alizokutana nazo aliziita kijiji kilichotelekezwa. Kijijini hakuna anayesema hivyo. Kila mwaka baada ya kuvuna, wenye jukumu lao hupanda kule na unga wa mahindi, wakawasalimia wahenga, wakashuka. Shangazi Cipriana alimtuma Lugarda akamuulize yule mzungu: yeye akienda dukani, nyumba yake huwa imetelekezwa? Profesa alicheka mpaka akatoa miwani. Halafu akaliandika swali lile katika daftari lake, na mwaka uliofuata akaandika barua ya kumpeleka binti yule chuoni, katika mji wa Albuquerque.

Alirudi na shahada, akapokewa na midomo. Kuna waliosema amekwenda kusomea kufukua bibi zake apate cheti cha kutundika ukutani. Lugarda hakubishana nao. Aliweka sharti moja, akaliishi: mwiko wake wa kuchimbia hautagusa mifupa. Alipokutana nayo alifukia, akarudi nyumbani kuwaambia wanaohusika. Wenzake wa kazi walimtania kwamba yeye ndiye mchimbaji pekee nchini anayelipwa kwa kutochimba. Naye aliwajibu kwamba mengi ambayo wafu walitaka kuyasema wameyaacha juu juu, ni watu tu wana haraka ya koleo.

Kwa hiyo alitembea. Wenziwe walifanya kazi nchi hii na nchi ile, wakarudi na picha za ngamia. Lugarda alishika mlima mmoja kwa miaka thelathini. Alihesabu vyumba kwa kufuata mawe ya msingi. Alitoboa vijiti vyembamba kutoka kwenye boriti za paa zilizolala chini, akahesabu pete za mti, akajua mti ulikatwa mwaka gani. Hapo ndipo alipogundua jambo lililompa jina. Boriti za kijiji cha tano zilikatwa miaka mia moja kabla ya kuta zake kujengwa. Maana yake ziling'olewa kijiji cha nne, zikaja mabegani. Vile vijiji kumi na saba havikuwa vya makabila kumi na saba yaliyokimbizana, kama vitabu vilivyodai. Walikuwa watu wale wale. Mashamba yakichoka na kuni zikiwa mbali, walibeba mapaa yao wakahamia ubavu mwingine wa mlima. Aliyaweka yote katika kitabu chenye jalada la kijivu, na vyuo vikafundisha kwacho.

Lakini kitabu kilihesabu kumi na saba, na Lugarda alijua pa kumi na nane.

Majira ya baridi kabla ya kiangazi kile cha 1979, vijiji viwili alivyokuwa amevijaza kwenye fomu na kuzipeleka ofisini vilivamiwa. Watu walikuja na trekta. Walibeba mitungi mizima ya kuuzia maduka ya watalii, na wasichokitaka wakakitupa. Lugarda alipanda na mjomba wake Eleuterio, kaka wa mama yake, wakakuta fuvu la mtoto limetupwa kando kama ganda la tikiti. Mjomba alivua koti, akalifunika, akabaki na shati kwenye theluji. Hakumlaumu mtu. Lakini Lugarda hakuhitaji kuambiwa: wezi hawakubahatisha, walikuwa wamesoma fomu zake.

Kiangazi kilipofika, mjomba ndiye aliyemshikia ncha ya pili ya kamba ya kupimia. Walipokuwa upande wa kaskazini, asubuhi bado, mjomba akasimama ghafla, akaacha kamba, akavua kofia. Lugarda akafika alipo, akaona. Alichokiona hakitaandikwa hapa pia. Santa Rosalía hawana mazoea ya kukitaja, na anayewashwa sana kukijua ajue kuwa kuwashwa kwenyewe ni utovu wa adabu. Mjomba aliketi pale akafanya yaliyompasa. Lugarda alikaa kwa mbali, mgongo kaugeuza, akangoja mpaka jua likaegemea magharibi. Mjomba aliponyanyuka alisema maneno matatu tu.

"Mwanangu, hapa hupaandiki."

Ni rahisi kusema. Fomu za kazi ile zina mambo yake. Ukiacha mahali bila kuandika, ofisi husoma kwamba hapajatembelewa, na mwaka ujao humtuma mwingine, pengine mwenye macho makali na mdomo mpana. Ukiandika umefika na hakuna kitu, mlango umefungwa. Hakuna serikali inayomlipa mtu kwenda kutazama mawe mara ya pili. Lugarda alikaa na penseli mdomoni. Kisha akaandika: Nimepita kwa miguu. Miamba na mireteni. Hakuna kitu. Akatia sahihi.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya Lugarda ilikuwa ndefu miaka thelathini, na kila hatua alidhani amefanya vizuri. Wezi hawakufika. Mjomba Eleuterio alizeeka akafa akiwa na amani. Na sasa ule mlango alioufunga kulinda mahali, ndio huo huo watu wa umeme waliukuta umeandikwa "Karibuni".

Jumatano asubuhi alikwenda kwa shangazi Cipriana, aliyekuwa na miaka themanini na nane na meno sita, yote ya mbele. Akamsimulia kila kitu. Bibi yule alisikiliza huku akichambua mahindi ya bluu, hakuinua kichwa.

"Ulijua kusoma, ndiyo maana ukajua kudanganya," alisema mwishowe. "Mimi ningenyamaza tu, na hata minara ingenizunguka."

"Ningenyamaza wangetuma mtu, shangazi."

"Basi wangetuma. Mtu angepotea njia, angeumwa na nyoka, angependa binti wa watu akasahau kazi. Wewe uliwapa karatasi. Karatasi haipotei njia." Akapuliza makapi. "Nenda kwa Marcelino. Usilie njiani, watu watadhani nimekufa."

Marcelino Coriz ndiye aliyekuwa gavana wa kijiji mwaka ule, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye fimbo za uongozi zilitundikwa ukutani kwake juu ya televisheni. Shuleni Lugarda alimfanyia hesabu zake zote. Marcelino alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni na buti za kazi, akauliza jambo moja tu, kama kuna mwingine anayejua. Kisha akawaita wazee wa baraza.

Tatizo la Lugarda lilikuwa pande mbili, na zote zinakata. Akinyamaza, Jumatatu chuma kinaingia ardhini pale pale. Akisema, anafunua mahali alipoambiwa asipafunue, na anajitangaza mwongo mbele ya watu ambao kwao karatasi iliyoandikwa uongo ni sawa na maiti iliyoibwa. La jina lake angeweza kulikata mwenyewe. La mahali halikuwa lake kulikata.

Baraza la Santa Rosalía halipigi kura. Hukaa mpaka wote wakubaliane, na kama mmoja hajakubali, hukaa tena. Walikaa Jumatano kuanzia mchana. Wakakaa Alhamisi tangu asubuhi. Lugarda hakuwa na kiti mle ndani, akangoja uani kwa shangazi, akikoroga sufuria ya nyama na mahindi ambayo haikuhitaji kukorogwa. Alipotazama saa mara ya tatu shangazi alimnyang'anya, akaitia mfukoni mwa aproni yake.

Marcelino alikuja Alhamisi jua likishuka. Aliketi, akapewa bakuli, akala kwanza. Ndipo akasema.

"Dada, tumekubaliana. Utasema pana kitu, na utasema karatasi yako ni ya uongo. Basi. Hutasema ni nini, hutachora, hutampeleka mtu."

"Wataniuliza kwa nini nilidanganya."

"Watakuuliza."

"Niwaambie mjomba ndiye aliyenikataza?"

Marcelino alitazama buti zake. "Mjomba Eleuterio hakushika penseli," alisema polepole. "Ukimtaja, watauliza alikuwa nani, alijuaje, na nani anajua sasa. Mwache alale."

Shangazi Cipriana akaweka upawa chini. "Wanaume saba mmekaa siku mbili, mkatoka na mzigo mmoja, mkamtwika mwanamke mmoja."

"Ndiyo, shangazi," alisema Marcelino. "Hata sisi tuliliona hilo. Ndilo lililotuchukua siku ya pili."

Lugarda akamnyooshea shangazi mkono. Aliomba saa yake.

Mkutano ulifanyika mjini, katika ukumbi wa kikosi cha zimamoto, viti vya kukunja na harufu ya mipira ya maji. Mbele waliketi watu wa kampuni ya umeme na ramani zao za rangi, kando yao Bwana Garrity, mkuu wa ofisi ya ardhi, mtu mstaarabu aliyekitumia kile kitabu cha kijivu alipokuwa kijana. Kimberly alikuwa na makabrasha mapajani, maana yeye ndiye aliyetakiwa kutia sahihi kwamba njia ya nyaya ni safi. Alipomwona mwalimu wake akiingia alimwashiria kiti. Lugarda akabaki amesimama nyuma.

Walipouliza nani ana maoni, alisogea mbele. Alitaja jina lake. Akasema karatasi namba mia mbili na sita ni yake, kwamba aliandika hakuna kitu, na kwamba kitu kipo. Alikiona kwa macho yake, kisha akaandika hakuna.

Garrity aliuliza kwa upole ni kitu gani. Akajibiwa kuwa hilo halisemwi. Akauliza kwa nini basi aliandika vile. Lugarda akasema mwaka ule wezi walikuwa wakisoma fomu za ofisi kuliko ofisi yenyewe, na yeye hakuona njia nyingine. Mjomba hakumtaja. Garrity alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Bi Tenorio, fomu zako ziko zaidi ya mia tatu. Kama hii ni ya uongo, hizo nyingine tuzisomeje?"

Lilikuwa swali alilolisubiri tangu siku Kimberly alipotandaza karatasi mezani kwake, na jibu lake alikuwa amelitunga likawa refu na zuri. Lilimtoka lote kichwani.

"Kwa miguu," alisema.

Hapo wakili wa kampuni akasimama, kijana mwenye suti. Alisema anamheshimu sana mama, lakini mtu aliyekiri kudanganya amekiri jambo moja tu, kwamba anadanganya. Sasa nani ajue kama alidanganya zamani au anadanganya leo kuzuia nyaya? Watu wawili watatu walicheka. Hilo Lugarda hakuwa amelifikiria. Alikuja tayari kulipoteza jina lake. Hakufikiri kwamba lingeweza kupotea bure.

Kimberly alikuwa bado hajainua uso. Alikuwa akifunua makabrasha, moja baada ya jingine, mpaka akaipata namba mia mbili na sita. Aliisoma muda mrefu. Halafu akamuuliza mwalimu wake, bila kumtazama, eneo tupu la ukubwa ule kwa kawaida lilimchukua muda gani.

"Saa moja na nusu. Saa mbili kukiwa na jua kali."

"Hapa umejaza saa ya kuanza na saa ya kumaliza," alisema Kimberly. "Katikati yake saa tisa nzima." Akamgeukia Garrity. "Nimetembea naye. Bi Tenorio hakai saa tisa juu ya mawe matupu. Hakai hata kula. Mimi sitii sahihi."

Wakili alianza kusema neno, Garrity akainua mkono.

Nyaya zilipindishwa kupita kusini, ng'ambo ya barabara kuu, na kampuni ikalalamika kadiri inavyofaa kampuni kulalamika. Kilichofuata kilimhusu Lugarda peke yake. Barua ya kwanza ilimfutia kibali cha kufanya kazi kwenye ardhi ya serikali. Ya pili ilitoka chuoni, fupi, yenye adabu; kitabu cha kijivu kimeondolewa kwa muda katika orodha ya masomo. Profesa mmoja wa mbali, ambaye miaka yote alishikilia hadithi ya makabila kumi na saba, aliandika gazetini kwamba alikuwa na mashaka tangu mwanzo. Kijijini hakuna aliyemshukuru kwa maneno, si desturi. Ila asubuhi kadhaa alifungua mlango akakuta kuni zimepasuliwa na kupangwa, na hakuuliza.

Ofisi ilichukua lile neno la ukumbini, kwa miguu, kama lilivyo. Iliutembea mlima wote upya, viangazi viwili, Kimberly akiwa kiongozi. Lugarda hakuruhusiwa kupanda nao. Alikaa kwa shangazi Cipriana, akachambua mahindi, akatazama vumbi la magari yao likipanda asubuhi na kushuka jioni, na kila siku shangazi akamuuliza kama mlima bado upo. Vijiji kumi na saba vilikutwa mahali pake. Ukuta alioandika mita kumi na mbili ulikuwa mita kumi na mbili. Boriti za kijiji cha tano zilipelekwa maabara nyingine, zikarudi na mwaka ule ule.

Oktoba ya mwaka wa pili Kimberly alikuja kumwambia hayo, safari hii bila uso wa kung'aa. Waliketi meza ile ile. Alikuwa na fomu ya kulifunga eneo la kaskazini; alihitaji Lugarda aonyeshe mipaka. Lugarda alichora mraba mkubwa kupita kiasi, ukameza makorongo mawili na shamba la matikiti la shangazi yake, mtu asiweze kukisia ndani yake ni wapi. Kimberly aliutazama, akaelewa, akaupokea vile vile.

Kisha akakohoa. Alisema lazima aulize, ni swali la mwisho kwenye fomu.

"Kuna karatasi nyingine ya namna ile?"

"Hakuna," alisema Lugarda.

Ilikuwa kweli. Kimberly aliandika: Anasema hakuna. Halafu, kalamu ikiwa bado mkononi, akaweka alama ndogo ya kuuliza pembeni, ile inayowaambia watakaokuja baadaye kwamba neno hili halijathibitishwa na lifuatiliwe. Uso ulimwiva, lakini hakuifuta.

Lugarda aliiona. Iliingia kama sindano, ikakaa. Alikuwa amewafundisha wanafunzi ishirini na kitu kuweka alama ile pasipo huruma, awe ni nani aliyesema. Akasukuma kapu la mkate karibu na mgeni, akamwambia ale, njia ni ndefu.